Nilimwaga matone kwa siri, na mume wangu anaamini ndiyo yaliyomfanya mtoto aseme

Shikamoo shangazi,

Barua hii nimeianza mara nyingi nikaifuta. Leo nimeamua niimalize kabla mume wangu hajarudi.

Tuna mtoto mmoja wa kiume, ana miaka minne na miezi mitatu. Alipokuwa na mwaka mmoja na nusu alikuwa na maneno kama sita. Alisema mama, alisema taa, alimwita paka. Kisha maneno yakaanza kupotea moja moja, na alipofika miaka miwili akawa kimya kabisa. Ukimwita hageuki. Anaweza kukaa na kifuniko cha sufuria akakizungusha asubuhi nzima. Mwaka jana daktari wa watoto alimwangalia kwa muda mrefu, akatuuliza maswali mengi, akasema ni usonji (autism), hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano na jinsi mtoto anavyohusiana na watu. Akatuandikia tumwone mtaalamu wa matamshi na lugha. Tuliambiwa tusubiri zamu, na mpaka leo tunasubiri.

Mume wangu hawezi kukaa kusubiri. Usiku mzima anasoma kwenye simu. Alianza kwa kusema tumwondolee ngano na maziwa. Tukafanya hivyo miezi saba. Mtoto mwenyewe tangu zamani anakula vitu vichache mno, kwa hiyo akabaki karibu hana cha kula, na suruali zake sasa zinamvuka. Baadaye akaleta matone, chupa mbili unazochanganya, aliyoelekezwa na mzazi mwenzake. Yakichanganywa yananuka kama dawa ya kupaushia nguo. Tulimpa kwa wiki tatu. Mtoto alikuwa anatapika na kuharisha, na kwenye choo zikawa zinatoka kamba kamba nyeupe. Yule mzazi akatuambia tumshukuru Mungu, hao ni minyoo wanaosababisha usonji, tuongeze kipimo.

Shangazi, nilishindwa. Sikumwambia mume wangu. Nilimwaga matone yote nikajaza chupa maji, na kila jioni nilimpa mtoto maji mbele ya baba yake. Nimefanya hivyo wiki kumi sasa.

Kumbe wiki ya saba mtoto alisimama mlangoni, akanivuta mkono akauweka kwenye kitasa, akasema "fungua". Neno zima. Baba yake alikuwepo. Alikaa chini akalia, mtu ambaye sijawahi kumwona akilia hata msibani. Tangu siku hiyo anawaambia watu wote kuwa matone yamefanya kazi.

Sasa amepata kliniki inayotoa dripu ya kuondoa madini ya sumu mwilini. Wamempima mkojo wakasema ana zebaki na risasi nyingi, imetokana na chanjo. Zinahitajika dripu ishirini, na baada ya hapo seli shina. Anataka tuuze kiwanja. Nikisita ananiuliza, "Utalala vipi ukijua tiba ilikuwepo ukaikataa?" Mama yake naye anasema nilifanya kazi sana nikiwa mjamzito, ndiyo maana.

Nimwambie ukweli kuhusu maji? Au nikinyamaza na dripu ikiwa ndiyo tiba kweli, nitakuwa nimemnyima mwanangu? Na katika hizi tiba mbadala hakuna hata moja yenye faida?

Mama wa Fungua

*

Marahaba, mwanangu. Ulipoimwaga chupa ile ulimkinga mtoto wako, na ninataka ulijue hilo kabla ya kuendelea kusoma.

Mimi si daktari. Lakini chupa mbili zinazochanganywa zikatoa harufu ya dawa ya kupaushia zinajulikana vizuri. Kwa kawaida moja ina sodiamu kloraiti na nyingine ni tindikali. Zikikutana hutoa klorini dioksidi, kemikali inayotumika viwandani kupaushia karatasi na kuua vijidudu kwenye vifaa. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) ilitoa onyo juu ya kinywaji hicho mwaka 2010, ikarudia mwaka 2019: kinaleta kutapika sana, kuhara sana, na kupungukiwa maji mwilini kiasi cha kuhatarisha maisha. Na zile kamba nyeupe, mwanangu, hazikuwa minyoo. Utumbo ukiunguzwa hutoa ute na vipande vya ngozi yake ya ndani. Aliyekwambia uongeze kipimo alikuwa anauona mwili wa mtoto ukijeruhiwa na kuuita uponyaji. Huenda naye alidanganywa hivyo hivyo kwa mwanawe.

Kwa hiyo wiki hii mpeleke kwa daktari. Mweleze alipewa nini, kwa muda gani, alitapikaje, na kwamba amepungua uzito. Usifiche kwa aibu. Nenda na chupa zenyewe kama karatasi zake bado zimebandikwa. Kama kuna chupa nyingine nyumbani ambayo haijafunguliwa, iondoke kabla mtoto hajajifunza kufungua vizibo.

Sasa neno "fungua". Nimesoma sehemu hiyo ya barua yako zaidi ya mara moja, kwa sababu wewe bila kukusudia umefanya jambo ambalo watafiti hulifanya kwa makusudi.

Mwaka 1998 ilitoka habari kutoka Marekani ya watoto watatu wenye usonji waliochomwa sekretini, homoni ya utumboni ambayo madaktari walikuwa wanaitumia kupima kongosho. Wazazi walisema watoto wamebadilika: wanatazama machoni, wanaanza kusema. Habari ikaenea, na familia nyingi zikaitafuta dawa hiyo popote ilipo. Mwaka uliofuata yakachapishwa matokeo ya jaribio la watoto wapatao 60. Nusu walichomwa sekretini, nusu wakachomwa maji ya chumvi, na wazazi hawakujua nani kapata nini. Baada ya wiki nne watoto wa pande zote mbili walionekana kuwa na nafuu, na waliopata sekretini hawakuwazidi waliopata maji. Majaribio mengi yaliyofuata yakakuta vilevile. Ila kinachonigusa zaidi ni hiki: wazazi wa jaribio lile la kwanza walipoambiwa matokeo, asilimia 69 walisema bado wanaitaka.

Siwalaumu hata kidogo. Mtu aliyemsikia mwanawe akisema baada ya miaka miwili ya kimya hashawishiki kwa hesabu za karatasi. Baba wa mwanao ni mmoja wao. Tofauti ni kwamba nyumbani kwenu kuna mtu mmoja anayejua chupa ilikuwa na nini.

Basi neno lilitoka wapi? Lilitoka kwa mtoto. Mtoto mwenye usonji naye anakua, ila mwendo wake hauendi sawasawa: unasimama, unarudi nyuma, halafu siku moja unaruka. Watafiti wa Marekani mwaka 2013 walichapisha habari za watoto 535 wenye usonji ambao walipofika miaka 4 usemi wao ulikuwa umechelewa sana. Walipotazamwa tena wakiwa na miaka 8 na kuendelea, asilimia 70 walikuwa wanaunganisha maneno, na asilimia 47 walikuwa wanaongea kwa ufasaha. Hiyo si ahadi kwa mwanao, maana wapo ambao hawakufika huko, na wapo wanaoishi wakiwasiliana kwa picha au kwa kuandika. Lakini ona jinsi ilivyo rahisi kwa muuza tiba. Wazazi huja kwake katika kipindi kibaya zaidi, wakati mtoto ana miaka mitatu au minne, na kila neno linalokuja baada ya hapo anajiandikia yeye. Lisipokuja, anasema hamkutumia kipimo cha kutosha.

Kuhusu dripu, jibu langu ni hapana, na sina shaka nalo. Dawa za kuvuta madini zipo kihalali: daktari huzitumia mtu akiwa amelishwa sumu ya risasi kweli, na amethibitisha kwa kipimo cha damu. Muulize mume wako jinsi ule mkojo ulivyopimwa. Kliniki za namna hii mara nyingi humpa mtoto kwanza dawa ya kuvuta madini, ndipo hukusanya mkojo, kisha hulinganisha na viwango vya watu ambao hawakupewa dawa hiyo. Kila mmoja wetu ana chembe za madini mwilini. Ukizivuta kwa nguvu zitatoka nyingi, kwa mtoto wako na kwangu mimi. Kama mwanao ana tabia ya kula udongo au rangi ya ukutani, na watoto wenye usonji wengi wanayo, mwombe daktari wa watoto apime risasi kwenye damu. Kipimo hicho ndicho cha kuaminiwa.

Mwaka 2005, katika jimbo la Pennsylvania, mtoto wa miaka 5 mwenye usonji alikuwa anapewa dripu kama hiyo katika chumba cha daktari. Dawa ilishusha kalsiamu katika damu yake mpaka moyo ukasimama, akafa. Taasisi ya taifa ya afya ya akili ya Marekani ilikuwa imepanga kulipima jambo hili kwa watoto kwa njia ya haki, ikaacha mwaka 2008, kwa sababu hatari ilikuwa wazi na faida haikuonekana. Sikuandikii haya kukuogofya. Nakuandikia kwa kuwa kliniki haitawaambia, na ninyi ndio mtakaomshika mkono sindano ikiingia.

Hadithi ya chanjo ilianzia kwa Andrew Wakefield, daktari wa Uingereza aliyechapisha mwaka 1998 makala kuhusu watoto 12 tu katika jarida la kitabibu la Lancet. Mwaka 2010 jarida liliifuta makala hiyo, na yeye akafutwa katika daftari la madaktari wa Uingereza. Denmark wamefuatilia watoto 657,461, wakachapisha mwaka 2019: waliochanjwa surua, matumbwitumbwi na rubela hawakupata usonji zaidi ya wasiochanjwa. Najua unachowaza, kwamba maneno ya mwanao yalipotea kipindi kile kile cha chanjo. Ni kweli vinakutana. Kupotea kwa maneno kati ya mwaka mmoja na miwili kunaonekana kwa watoto wengi wenye usonji, wawe wamechanjwa au la, na huo ndio umri ambao watoto huchanjwa.

Seli shina nitazipitia kwa ufupi. Katika Chuo Kikuu cha Duke watoto 180 walipewa damu ya kitovu, ambayo ina seli hizo, au kitu kisicho dawa, bila wazazi kujua. Matokeo yalitoka mwaka 2020, na katika kile kilichokuwa kinapimwa hasa, yaani uwezo wa kuhusiana na watu, hapakuwa na tofauti kati ya makundi. Kiwanja chenu kibaki pale kilipo.

Umeuliza kama hakuna hata moja yenye faida. Swali zuri, na sitaki kukujibu kana kwamba kila kisichotoka hospitali ni uongo na kila kinachotoka huko ni kweli. Chakula tuanze nacho, kwa sababu kinaniumiza kuliko vyote katika barua yako baada ya yale matone. Hakuna ushahidi wa kutosha kwamba kuondoa ngano na maziwa kunapunguza usonji, na mtoto anayekubali vyakula vichache ukimwondolea viwili umemwondolea robo ya maisha. Mrudishie, polepole, kwa ushauri wa daktari. Kama tumbo linamsumbua litibiwe kama tumbo. Choo kigumu peke yake kinaweza kumfanya mtoto asiyeweza kusema ajipige kichwa ukutani, na watu wakadhani ni usonji umezidi.

Hukuniuliza kuhusu usingizi, lakini umesema baba yake anakesha, na nadhani mtoto naye analala kwa shida. Hapo pana kitu: melatonini, homoni ya usingizi, imepimwa kwa watoto wenye usonji na inawasaidia wengi kulala mapema. Aitoe daktari, na kipimo akipange yeye. Muziki, kukandwa mgongo kama anapenda kuguswa, kuogelea, hivyo mpe kwa furaha yake, bila kungoja vimponye. Maombi pia yaendelee, mradi asitokee mtu wa kuwaambia kwamba imani ni kumwachisha mtoto matibabu.

Kwa jambo lolote jipya, fanyeni hivi. Badilisheni kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Kabla ya kuanza, andikeni mnachotarajia na tarehe ya kuacha kama hakijaonekana. Kisha mtafuteni mtu anayemwona mtoto mara kwa mara ila hajui mmebadilisha nini, mwulizeni yeye. Na mwulizeni mtoa tiba swali moja: ni jambo gani likitokea, wewe mwenyewe utakubali kwamba haikufanya kazi? Anayekosa jibu la swali hilo asipewe mtoto.

Mnachoweza kufanya sasa, wakati mnasubiri zamu, ni kikubwa kuliko mnavyodhani. Kwanza masikio yapimwe kama hayakupimwa. Mtoto asiyegeuka akiitwa lazima apimwe. Pili, Shirika la Afya Duniani (WHO) limeandaa mafunzo ya walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 wanaochelewa kukua: vikao tisa vya kikundi na ziara tatu za nyumbani. Yanamfundisha mzazi kutumia mchezo na kazi za kila siku kumvuta mtoto kwenye mawasiliano, na yapo pia kwa njia ya mtandao. Muulize daktari wako. Njia ya namna hiyo imepimwa. Uingereza watoto 152 wa miaka 2 hadi 4 walifuatiliwa katika jaribio ambalo wazazi wa nusu yao walifundishwa, kwa kutazama video zao wenyewe wakicheza na mtoto, kuona ishara ndogo na kuzijibu. Karibu miaka sita baadaye, watoto wa kundi hilo bado walikuwa na dalili nyepesi kuliko wenzao. Hawakupona usonji. Waliishi nao kwa wepesi zaidi, na wazazi wao waliwaelewa.

Na hapo ndipo mlango wako unapoingia. Alikuvuta mkono akauweka kwenye kitasa. Kabla ya kusema neno, tayari alikuwa amekuomba. Akikuvuta tena, usifungue papo hapo. Inama usawa wa macho yake, sema "fungua", ngoja ukihesabu hadi tano, halafu fungua hata kama hakusema. Fanya hivyo kwenye kabati, kwenye kizibo, kwenye kiatu. Chora au piga picha ya mlango uibandike pale, aweze kuonyesha kwa kidole siku neno likigoma. Wapo watakaokuonya kwamba picha zitamfanya awe mvivu wa kusema. Zimechunguzwa, na hazizuii usemi.

Mama mkwe wako simjibu kwa hasira. Amerudia kosa la watu waliosoma kuliko sisi sote. Daktari wa akili aitwaye Leo Kanner alipoueleza usonji mwaka 1943 aliwataja wazazi kuwa wabaridi, na kwa miaka mingi akina mama waliambiwa kwamba ukosefu wao wa upendo ndio uliowafunga watoto. Aliyewatetea alikuwa Bernard Rimland, mwanasaikolojia na baba wa mtoto mwenye usonji, kwa kitabu chake cha mwaka 1964, akionyesha kuwa jambo hili ni la ubongo. Kufanya kazi ukiwa mjamzito hakuleti usonji. Lakini nakuomba uone na upande wa pili: Rimland huyo huyo, mwenye akili kiasi hicho, miaka ya baadaye alizitetea kwa moyo vitamini za kipimo kikubwa, na sekretini pia. Mapenzi ya mzazi ndiyo yaliyomfanya apinge uongo wa kwanza, na ndiyo yaliyomfanya afungue mlango kwa tiba zisizo na ushahidi. Mume wako yuko hapo hapo. Ukimwona kama mjinga mtapigana, na mtoto atakuwa katikati.

Kwa hiyo ndiyo, mwambie kuhusu maji, na kabla ya malipo ya kwanza ya dripu. Ukinyamaza, uamuzi wa kumchoma mtoto utasimama juu ya ushahidi ambao wewe peke yako unajua haupo. Usimwambie usiku, wala mbele ya mama yake. Anza na kosa lako: ulimficha, uliogopa, ulikuwa peke yako na mtoto anayetapika. Atakasirika. Mwache akasirike, ana haki, umemdanganya wiki kumi mezani pake. Usikimbilie kumwambia "unaona nilikuwa sahihi".

Akishatulia, mrudishe kwenye siku ile ya mlangoni. Mwambie neno lile hakulitoa mtu wa chupa. Mwanenu alilitafuta mwenyewe, wiki saba bila dawa yoyote, na baba yake alikuwepo lilipotoka. Halafu mpe kazi, maana mtu kama yeye hawezi kukaa mikono mitupu: yeye ndiye apige simu kuulizia zamu ya mtaalamu wa matamshi, yeye ndiye aandike kwenye daftari kila neno na kila ishara, na jioni, saa ile aliyokuwa anashika chupa, akae sakafuni na kile kifuniko cha sufuria akizungushe pamoja na mwanawe.

Niandikie baada ya kuzungumza naye, hata kama mazungumzo yameenda vibaya.

Shangazi